Duka la vitabu la Usita wa Mui hapa Amu (Lamu): nyota nne, ya tano nimeibana kwanza

Nianze na kosa langu mwenyewe ndio muelewe kwa nini maneno yatakuwa mengi.

Mwaka jana kabla ya Ramadhani nilioda seti ya vitabu vya watoto onlaini. Vitabu ishirini, elfu tatu na mia tano na kusafirishiwa mpaka Mokowe ndani yake, picha zake kwenye simu zinang'aa hadi unafinya macho, nikapiga hesabu nikaona ni mia moja sabini na tano kila kimoja, nani angekataa? Mzigo ukaja na basi hadi Mokowe, pale ukapandishwa boti, na kijana aliyenibebea akauweka chini kabisa pale maji yanapokusanyika. Vitabu saba vilifika vimevimba kama mahamri. Hayo ya maji nimesamehe, bahari ni bahari. Ambavyo sijasamehe mpaka leo ni vile kumi na vitatu vilivyofika vikavu.

Yaani Kiswahili chake ni kama karatasi ya ndani ya pakiti ya dawa. Maneno yote ni ya Kiswahili, hakuna kosa la kunyoshea kidole, lakini ukisoma kwa sauti ulimi unajikwaa kama unapita vichochoro vya Mkomani usiku stima zimepotea. Kimoja kilikuwa na mtoto anajenga mtu wa theluji, na wangu wa mwisho, ana miaka mitano, akaniuliza hiyo ndio barafu ya ami ya kuwekea samaki? Nikamwambia ndio na sio. Na theluji si tatizo jamani, mimi nataka watoto wajue kuna nchi watu wanavaa makoti, tatizo ni kwamba aliyeandika hakutusaidia hata kidogo, hakusema hiyo baridi inauma vidole au masikio, hakusema theluji inalia vipi ukiikanyaga, kurasa kumi na mbili na mtoto akatoka bure kama alivyoingia.

Kingine kilikuwa na familia ya nguruwe. Mavyaa wangu ndiye mkaguzi mkuu wa vitabu nyumbani kwetu, mara ya kwanza akasikiliza akanyamaza, mara ya pili akasema hebu lete hapa, akakishika, akaanza kusimulia kwa kufuata picha na wale nguruwe wote wakawa punda. Punda wa Amu, mmoja mkaidi kashusha mzigo wa mawe katikati ya njia, mwengine kaingia nyumba ya watu kala mkeka. Watoto walicheka hadi wa kati akapaliwa. Toka siku hiyo kitabu kile hakifunguliwi bila bibi yao kuwepo, na mimi nikabaki najiuliza, nimenunua kitabu au nimenunua picha tu na hadithi tumejitilia wenyewe?

Na msidhani mavyaa hasomi. Anasoma sana, lakini Kiswahili anakisoma kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa utotoni, hizi za shule anazisoma pole pole na miwani haimsaidii. Kwa hivo kitabu kwake kinaingia kwa sikio. Na sikio lile halidanganyiki, amelelewa na tenzi, mstari ukipungua mizani anajua kabla hujafika mwisho. Nikisoma akaanza kukunja kofia anayoshona na kutafuta uzi uliodondoka, najua kitabu hicho kimeanguka. Akisimamisha sindano hewani, kimepita. Huo ndio mtihani wetu, sina mwengine, na kama mnataka kujua jinsi ya kuchagua kitabu cha nyumbani basi hapo ningeweza kunyamaza, lakini nataka niwaambie kuhusu duka.

Duka lenyewe liko Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ukitoka Mkunguni mbele ya Ngome unashika mkono wa Langoni. Sitataja jina manake mzee mwenyewe amenikataza, anasema anaogopa watu wa kupiga picha. Ukiona photocopy nje na juzuu zimepangwa dirishani na mkeka umetandikwa mlangoni ndani, umefika. Sehemu kubwa ni vitu vya shule, daftari, kalamu, jometri seti, beji za sare, vitabu vya dini viko vingi na vizuri, hivyo sina la kusema. Mimi naongelea rafu moja tu. Rafu ya chini kabisa mkono wa kushoto, iko usawa wa magoti ya mtu mzima, na hiyo ni makusudi, mzee anasema vitabu vya watoto vikiwekwa juu vinanunuliwa na wakubwa, vikiwekwa chini vinanunuliwa na wenyewe.

Siku ya kwanza nilienda na hasira zangu za ile seti. Nikamwambia mzee nataka vitabu vya hadithi, watoto watatu, miaka kumi na tatu, tisa na mitano. Akaniuliza, "Vya kusoma wao au vya kusomewa?" Nikamwambia kwani si vyote ni kusoma. Akacheka akasema hapo ndipo wazazi wengi wanapotupa pesa. Mtoto masikio yake yako mbele ya macho yake, anaweza kufuata hadithi ndefu nzuri kabisa akisomewa na bado hawezi kuisoma mwenyewe hata nusu ukurasa, sasa ukimnunulia kile anachoweza kusoma mwenyewe tu, jioni unamlisha uji na meno anayo. Njia yake ni hii: mpe mtoto ukurasa mmoja asome, kila akikwama unakunja kidole, vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ukurasa haujaisha basi hicho ni cha kusomewa, usikirudishe kwenye rafu, kibadilishe kazi tu. Mi nilikuwa nafuata ile Gredi iliyoandikwa kwenye kava kama ni sheria. Kumbe hata vile vilivyoandikwa Darasa la Nne vya mtaala wa zamani, kabla ya CBC, huu mtaala mpya, kuingia gredi za chini 2019, viko pale kwa bei ya chini kwa sababu ya hilo neno Darasa, na hadithi zake haziozi. Fisi ni fisi mtaala wowote.

Halafu akanipa sharti. Soma kurasa tatu kwa sauti, hapa hapa.

Jamani niliona haya. Niko na buibui langu mbele ya watu naanza kusoma hadithi ya sungura kama mtoto wa nasari. Lakini mzee ameshakaa kwenye stuli anasubiri. Nikaanza kwa sauti ya chini, cha kwanza kikanishinda ukurasa wa kwanza, sentensi zinaisha kabla hazijaanza, nikakirudisha. Cha pili kilikuwa mkusanyiko wa hadithi za Abunuwasi, nikasoma ile ya sufuria kuzaa, nikasahau haya, nikawa naigiza na sauti ya jirani, na nikaona kiza mlangoni, kutazama ni hamali mmoja na punda wake na matofali, amesimama. Nikanyamaza. Akasema, "Ehe, ikawaje?" Nyuma yake ishaanza foleni, mikokoteni miwili na mama amebeba ndoo ya samaki wanamgombeza apite na yeye hapiti mpaka sufuria ife. Mzee akanitazama akasema hicho chukua.

Mia tatu na hamsini. Hamna pesa nimewahi kutoa kwa raha kama hiyo.

Na kwa wale wasiojua, huyu Abunuwasi alikuwa mtu kweli, mshairi wa Baghdadi zama za Harun al-Rashid, amekufa kiasi miaka elfu moja na mia mbili iliyopita, alikuwa mtu wa mashairi na starehe zake, lakini alipovuka bahari kuja pwani hii akageuka mjanja wa hadithi anayewatia aibu matajiri na mafakihi. Mwanangu wa kati nilipomwambia hivyo akataka kujua alikuja na jahazi gani. Ndio raha ya kitabu kizuri, unasoma kurasa nne unajibu maswali mpaka wa kusoma ndio unaanza kusinzia.

Cha pili nilichobeba ni cha vitendawili, mia mbili, kidogo kama pasipoti, picha hakuna. Nilidhani watoto watakikataa kwa sababu ya picha. Wapi! Hiki ndio kimesomwa kuliko vyote kwa sababu hakisomwi, kinachezwa. Mtu anatega, wasiojua wanatoa mji, mavyaa amekwishapewa Mombasa, Nairobi na Makka, na yeye naye anavyo vyake ambavyo havimo kitabuni, wa kati akaanza kuviandika kwa penseli kwenye ile karatasi nyeupe ya mwisho. Mzee wa duka nilipomwonyesha hakukasirika, akasema kitabu kikiandikwa na mwenye nacho kimepata nyumba.

Cha tatu ni cha samaki na viumbe vya baharini, mia nne na ishirini, na hapa kuna kisa. Hiki nilikitilia shaka kwa sababu vitabu vya bahari vingi vinaandikwa na watu ambao bahari wameiona kwa dirisha. Katika ile seti yangu ya laana kulikuwa na kimoja kinamwita pweza samaki mwenye miguu minane, na picha ya jahazi ambayo shemeji yangu, ndiye huyo ami yao, mvuvi, alipoiona aliita wenzake waje watazame. Tanga la mraba! Foromali, ule mti wa kubebea tanga, haipo, tanga limening'inia tu kwenye mlingoti kama shuka kwenye kamba, na usukani umewekwa mbele. Akasema huyu nahodha akienda joshi, kukabili upepo, atafika na nani. Kwa hivo hiki cha mzee nilikipeleka kwanza kwa shemeji kabla ya kuwaonyesha watoto, akakipitia ukurasa kwa ukurasa akiwa kimya, tafi, changu, kolekole, kamba, kaa, kasa na mayai yake, mikoko na mizizi yake, kisha akafika kwa jahazi akaweka kidole mbele kwenye omo, akasema "mato yamo". Yale macho yanayochorwa mbele ya chombo, mchoraji ameyaweka. Basi kwa shemeji huo ndio muhuri. Ya KICD, wale wa kuidhinisha vitabu vya shule, ni ya wizara, hii ni ya Amu.

Kuna kosa moja nililiona mimi, mandhari ya ufuo imeandikwa mchanga mchanga kila mahali na mavyaa kila mara anasahihisha mtanga, ndivyo tunavyosema Kiamu, na wa mwisho sasa anasema mtanga nyumbani na mchanga shuleni bila kuchanganyikiwa. Hilo nalihesabu ni faida.

Cha nne kiliniponza. Mia mbili na themanini, hadithi nzuri tu ya mtoto anayelea paka, Amu nani hana paka, lugha tamu, picha safi, mavyaa alisimamisha sindano mara mbili. Tukafika mwisho, paka amepatikana, watoto wanashangilia, nafungua ukurasa wa mwisho naona Zoezi. Jibu maswali yafuatayo. Eleza sifa tatu za paka. Umejifunza nini kutokana na hadithi hii. Wa kati akanyosha mkono akakifunga kitabu akasema, "Shule imeingia." Na hakikufunguliwa tena wiki mbili. Nikarudi kwa mzee kulalamika, akanionyesha, vitabu vingi sana vya Kiswahili vina mazoezi mwishoni kwa sababu mchapishaji anatafuta shule, soko la shule ndio linalomweka mjini, nyumbani nani ananunua? Akaniambia yeye huyabana na pini kurasa zile. Nimefanya hivo. Lakini kwa nini nibane, mimi nikisoma hadithi mwanangu akacheka pale pa kuchekesha na akanyamaza pale pa huzuni, si ameshajibu maswali yote?

Na hapo mzee ananiudhi kidogo kwa sababu yeye mwenyewe anapenda mafunzo. Ukishika kitabu anakuambia hiki kinafundisha uvumilivu, hiki kinafundisha usafi. Sitaki. Hadithi inayotangaza funzo lake toka ukurasa wa kwanza watoto wanainusa kama dawa ndani ya maziwa.

Sasa niseme kuhusu kitabu kama kitu cha kushika, manake hapa kisiwani hilo ni nusu ya mambo na wauzaji wa onlaini hawalijui kabisa. Hewa yetu ina chumvi. Vitabu vyembamba vilivyobanwa na pini za stepla mgongoni, hizo pini kufikia katikati ya kusi zishashika kutu, karatasi inapata doa la rangi ya chai kisha inachanika pale pale. Vile vya kugundishwa tu, mzee amenifundisha kukifungua katikati kwa nguvu kidogo ukisikia kra, basi kurasa zitaanza kutoka moja moja kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Karatasi zile za kung'aa sana masika zinashikana, ukizitenganisha picha inahama ukurasa. Vya kadibodi nene vya watoto wadogo vinavimba na vinaota ukungu ndani. Kinachodumu ni kilichoshonwa kwa uzi, karatasi ya kawaida, kava iliyopakwa plastiki. Ni vichache na vina bei. Mzee hukuambia mwenyewe kabla hujalipa, "Hichi kitakaa mwaka, hichi kitakaa mpaka wajukuu," na huyo ndiye mfanyabiashara nitakayemrudia. Yeye pia huweka karafuu kwenye rafu dhidi ya wadudu, sijui kama zinafanya kazi lakini duka linanukia vizuri.

Mwandiko mkubwa ni jambo jengine watu hawaliangalii. Kwetu tunasoma kiwandani baada ya isha, na kiwanda hapa si cha sabuni, ni ule uwanja wa wazi ndani ya nyumba, taa ni moja na iko juu. Maandishi yakiwa madogo, au mtu wa kupamba ameyaweka juu ya picha ya msitu wa kijani iliyokoza, hata mimi nakwama na hadithi ikikatika katikati watoto washaanza kupigana mateke.

Kuna hili la wasichana pia. Binti yangu ndiye wa kati, ana miaka tisa, aliwahi kuhesabu bila kuambiwa na mtu, katika vile kumi na vitatu vikavu msichana anachota maji au anafagia kwenye vitabu sita, na anaendesha chombo kwenye sifuri. Akaniuliza kwa hivo wanawake huwa hawaandiki? Nikamwambia muulize bibi yako. Mavyaa akaweka sindano chini akamwambia kuhusu Mwana Kupona, mtu wa kwetu huku Pate na Siyu, aliyeandika utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kumwandikia binti yake Mwana Hashima. Mavyaa anao mwingi kichwani, akaanza kuusoma kwa ile sauti yake ya kuvuta, na nyumba nzima ikatulia, hata baba watoto aliyekuwa anatazama mpira kwenye simu akazima. Binti yangu akasikiliza mpaka ikafika yale mambo ya kumtii mume, kumkanda, kutomwamsha akilala. Akakunja uso. "Na baba naye ana utendi wake?" Wacha wee. Walibishana usiku mbili, bibi na mjukuu, baba mtu amejificha nyuma ya simu, na mimi nikawa nasema moyoni kitabu cha mazoezi gani kingeweza kuleta mazungumzo haya. Kesho yake mzee akanitafutia nakala nyembamba, ina maelezo ya maneno magumu pembeni, binti analala nayo karibu na mto ingawa anasema hakubaliani.

Simu nayo tusiitukane. Ule mradi wa African Storybook ulioanza 2014 una hadithi kibao za bure, Kiswahili ziko nyingi, zimepangwa kwa ngazi kuanzia ya maneno machache, unadaunilodi ukiwa na bando kisha unasoma hata bila intaneti. Ubora unapanda na kushuka kwa sababu yeyote anaweza kuandika au kutafsiri, nyengine zina Kiswahili cha pakiti ya dawa kile kile. Shida yangu na simu ni kwamba mtu mmoja anaishika na wengine wanatazama kisogo chake, na ukifika pale pazuri inaingia meseji ya chama. Lakini leseni yake ni ya wazi, ruksa kuprinti, na hapo ndipo ile photocopy ya mzee inaingia. Nilimpelekea tatu kwenye flashi, shilingi kumi kila ukurasa, nyeusi na nyeupe, watoto wakapaka rangi wenyewe na mavyaa akazishona mgongo kwa uzi wa kofia. Hizo pini hazitashika kutu kwa sababu pini hazipo. Mzee hakununa kuwa nasoma vya bure, alisema mwenye njaa ya bure leo atakuja na pesa kesho.

Sasa mbona nyota nne. Kwa sababu ya mkubwa wangu.

Ana miaka kumi na tatu na duka halina kitu chake. Yaani toka sungura na fisi unaruka moja kwa moja mpaka riwaya za kutahiniwa sekondari, katikati ni jangwa. Mvulana wa umri huo hataki paka aliyepotea na hayuko tayari kwa mambo ya ndoa na siasa. Nilimuomba mzee komiki, akanikunjia uso, anasema komiki ni uvivu. Hapo tumekosana na tutaendelea kukosana. Mwanangu alikuwa hasomi kitu mpaka binamu yake wa Malindi alipomletea komiki nne za Kiingereza zimechakaa, akazimaliza siku moja, akaanza tena, sasa anaenda mwenyewe maktaba ya ndani ya Ngome kutafuta vya historia, ile Ngome yenyewe ilikuwa jela mpaka 1984 na anataka kujua walifungwa akina nani. Mzee angeweka hata rafu moja ya komiki na vitabu vya mpira na vya safari angewapata wavulana wote wanaokaa pwani wanatupa mawe baharini. Nimemwambia. Amesema atafikiria, na mzee akisema atafikiria ujue amekataa kwa adabu.

Mengine madogo. Bei hazijaandikwa, lazima uulize kila kimoja. Kiza, beba tochi ya simu. Anafunga akitaka, adhana ikilia hata kama uko katikati ya ukurasa anakuomba utoke, sawa, lakini saa zingine harudi mpaka kesho. Vya Kiingereza ni ghali na vichache. Kulipa ni kwa simu kwenye namba yake mwenyewe na mtandao ukizingua anakuandika kwenye daftari, amenidai mia na hamsini mwezi mzima hakunikumbusha nikaona haya mwenyewe. La kufidia yote ni kwamba kitabu kikikukataa unakirudisha ndani ya wiki, kisiwe na madoa, unaongeza shilingi hamsini unachukua chengine. Ile seti yangu nilipojaribu kurudisha nilijibiwa na meseji ya maua.

Ukienda nenda baada ya alasiri, jua limepungua mlangoni na mzee ameshalala mchana yuko na roho nzuri. Nenda na mtoto, usimwachie mtoto nyumbani ukamchagulie wewe. Chukua kikapu chako, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku toka 2017 na mzee anafunga vitabu kwa gazeti, ukipanda boti ya Shela au Matondoni na gazeti lako utanikumbuka, weka kikapu juu mapajani sio chini.

Kile cha samaki shemeji alikiazima aende nacho chomboni awaonyeshe wenzake yale mato, wiki ya tatu hii, nasikia kiko Kizingitini. Nilipopita jana kilikuwa kimebaki kimoja, rafu ya chini, mwisho kabisa karibu na ukuta. Nimemwambia mzee aniwekee mpaka Jumamosi, kwa hivo hicho msikiguse.